Kabla hujanunua mashua, pita Garissa kwanza

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, watu wa mjini huanza mazungumzo ya pwani. Wengi hutosheka na chumba cha hoteli kwa siku tatu, kisha hao, warudi. Lakini wapo wenye ndoto kubwa zaidi. Baba ameweka akiba kidogo, mama anapenda upepo wa bahari, watoto wamechoka kufungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa, na rafiki fulani amewaambia kwamba huko Lamu mtu aweza kununua mashua kuukuu yenye tanga, kama vile anavyoweza kununua gari lililokwisha kutumika. Basi swali linazuka mezani: tuchukue chombo cha ukubwa gani?

Baba anataka kikubwa, maana mashemeji hawatakosa kuja. Mama anataka kidogo, maana anazijua gharama. Watoto wanataka kilicho kikubwa kuliko vyote. Kabla ugomvi huo haujakwisha, nina ushauri ambao huenda ukakuchekesha: funga mizigo, panda basi, nenda Garissa.

Garissa? Mji wa ngamia na vumbi, mji usiokuwa na bahari wala ufuo? Naam, huko huko. Atakaye kujua thamani ya maji na aende kwa watu wa nchi kavu. Na atakaye kujua kipimo cha chombo na aende mahali ambapo kosa la kipimo huonekana upesi.

Mto upitao katika nchi kavu

Safari yenyewe si ngumu. Mabasi ya Garissa huondoka Eastleigh, Nairobi, na mwendo ni wa kilomita 370 hivi kupitia Thika, Matuu na Mwingi. Ukishapita Mwingi mashamba hupungua, migunga huongezeka, na vichuguu vyekundu husimama kando ya barabara kama walinzi. Joto huingia dirishani bila kubisha hodi. Usisahau maji ya kunywa, na kitambulisho kiwe mfukoni, kwa sababu utaulizwa zaidi ya mara moja.

Watu wengi wa mjini huijua Garissa kwa habari za huzuni tu: ukame, mashambulizi, na mauaji ya tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 walipoteza maisha. Mambo hayo hayasahauliki. Hata hivyo mji una maisha yake ya kila siku, na ni maisha yenye shughuli nyingi. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa katika sehemu hii ya Afrika. Hotelini utapata chai ya maziwa ya ngamia, na ukibahatika utaonjeshwa nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa ikahifadhiwa katika mafuta. Nao wenyeji humkaribisha mgeni kwa heshima. Mzee ataitwa mzee, mama ataitwa mama, na salamu haikatizwi kwa haraka ya kutaka kufanya biashara.

Lakini hukuja kwa ajili ya soko. Umekuja kwa ajili ya mto.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya, wa kilomita 1,000 hivi. Huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita katika mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka katika nchi kavu hadi kufika Garissa ukiwa mpana, mzito na wenye rangi ya chai ya maziwa. Kutoka hapo hupinda kusini, ukapita karibu na Hola na Garsen, hata ukaingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Katika iliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, maji yapitayo mwaka mzima ni jambo la nadra. Ndiyo maana kando ya Tana utaona migomba, mipapai na miembe imejipanga, na nyuma yake, hatua chache tu, mchanga na miiba.

Wafugaji nao wana njia zao za kufikisha mifugo majini, ziitwazo malka. Kila ngamia, ng'ombe na mbuzi hushuka kwa njia hizo. Na watu wa mto wenyewe, Wamunyoyaya, Wamalakote, na Wapokomo walio chini zaidi, tangu kale wana chombo chao: mtumbwi.

Mtumbwi hausemi uongo

Tazama mtumbwi kwa makini, maana huyu ndiye mwalimu wako wa kwanza. Ni gogo moja la mti mkubwa, lililochongwa likawa chombo. Hauna tanga, hauna mkuku, hauna deki. Mwendeshaji husimama nyuma na pondo lake au hukaa na kafi. Mbele yake kuna mama na kikapu cha maembe, kijana na baiskeli, pengine mbuzi wawili waliofungwa miguu. Chini ya maji kuna mamba, na mahali fulani kuna kiboko ambaye hapendi kuamshwa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi waweza kutusaidia. Chukua mtumbwi wenye urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 60. Kila mtu mzima wa kilo 70 anapoingia, mtumbwi huo hudidimia karibu sentimita 3. Ikiwa ukingo wake ulikuwa sentimita 25 juu ya maji, watu watano watakuachia sentimita 10 tu. Wimbi dogo, mtu mmoja kugeuka amwangalie kiboko, na maji yameingia.

Lakini hapo ndipo penye hekima yake. Mtumbwi hausemi uongo. Kila anayeingia, wote waliomo huhisi chombo kikishuka. Huhitaji karatasi wala mkaguzi. Macho yaona, na moyo unakwambia kwamba huyu awe wa mwisho.

Linganisha na mashua ya mita 8 yenye upana wa mita 2 na nusu. Mtu mzima yule yule akiingia, mashua hushuka kama nusu sentimita tu. Hakuna anayehisi kitu. Anaingia wa pili, wa tatu, wa kumi, na bado chombo kimetulia. Kwa sababu hiyo wageni huendelea kuitwa: njooni, nafasi ipo! Chombo kikubwa hunyamaza, na kimya chake ndicho cha kuogopwa.

Tumeyaona hayo katika Afrika Mashariki mara nyingi mno. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe kule Mombasa ilipinduka karibu na gati, na watu 272 wakafa. Feri hiyo ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, Ziwa Victoria liliimeza MV Bukoba pamoja na mamia ya watu. Mnamo Septemba 2018, karibu na Ukara, ikawa zamu ya MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101 nayo ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao. Hivyo havikuwa vijitumbwi. Vilikuwa vyombo vikubwa, na ukubwa wenyewe ulikuwa umewafanya watu waache kuhesabu.

Basi kipimo cha kwanza ni hiki: usiulize chombo kinaweza kubeba watu wangapi. Uliza ukingo wake utabaki juu ya maji kwa kiasi gani siku kitakapojaa.

Aprili ya mwaka 2024

Garissa yenyewe ililipa gharama ya somo hilo si zamani. Mvua za mwaka 2024 zilipozidi, Tana ilifurika kama ilivyowahi kufurika katika El Nino ya 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2023. Mabwawa ya juu yalijaa yakamwaga maji, na sehemu ya barabara kati ya Madogo na Garissa ikageuka ziwa. Mapema mwezi wa Aprili basi lenye abiria 51 lilisombwa na maji, na kwa bahati njema wote waliokolewa. Magari yakasimama. Huku wamekwama watu wanaokwenda Nairobi, kule wamekwama wanaorudi nyumbani, na katikati ni maji.

Vyombo vikaletwa ili kuwavusha. Hebu jiweke mahali pao, msomaji. Umesimama juani tangu asubuhi, mtoto amekuchoka mgongoni, mfuko wa unga uko chini, na mashua imefika. Nani atasema, "Mimi nitangoja inayofuata"?

Jumapili ya tarehe 28 Aprili 2024, chombo kimoja kilichokuwa kimejaa watu kilipinduka mahali paitwapo Kona Punda. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi. Wale hawakuwa wametoka kwa matembezi, wala hawakuwa wamekwenda baharini. Walikuwa wakivuka barabara iliyofunikwa na maji, barabara ile ile ambayo wewe utaipita kwa basi ukisinzia.

Kwa hiyo, unapoketi na jamaa yako kupima ukubwa wa mashua, usipime kwa siku njema ya picha, siku ya watu sita na upepo laini. Pima kwa siku mbaya. Siku ambayo shangazi amekuja na wanawe bila taarifa, mvua inanyesha, jua linakuchwa, na kila mmoja anataka kuvuka mara moja. Siku hiyo itakuja. Na siku hiyo, kitakachoiokoa jamaa yako ni neno moja la mwenye chombo: basi, mmetosha.

Nyumba inayopimwa kwa ngamia

Sasa uache mto nyuma, uelekee upande wa mashariki, njia ya Dadaab au Fafi. Huko utakuta jamaa za wafugaji wa Kisomali ambao huenda hawajawahi kupanda mashua maisha yao yote, na ndio watakaokupa kipimo cha pili.

Itazame nyumba yao ya kuhamahama, iitwayo aqal. Ni fito zilizopindwa na kufungwa kamba, juu yake zimetandazwa mikeka. Huijenga mama mwenye nyumba pamoja na binti zake, nao ndio huibomoa wakati wa kuhama. Fito hupakiwa juu ya ngamia zikatokeza huku na huku kama mbavu za chombo, mikeka ikawekwa, vibuyu vya maziwa vikafungwa, na mtoto mdogo akapata kikao chake. Kabla jua halijapanda wameshaondoka.

Je, jamaa hiyo haipendi nyumba kubwa? Bila shaka inapenda. Lakini nyumba hiyo hupimwa kwa mambo mawili: mizigo ambayo ngamia waliopo wanaweza kuibeba, na mikono iliyopo ya kuijenga na kuibomoa. Mwenye ngamia mmoja wa mizigo hawezi kuwa na nyumba ya ngamia watatu. Akijidanganya, ataacha fito njiani.

Mashua ni vivyo hivyo. Watu husahau kwamba chombo kikirefuka hakirefuki peke yake. Mashua ya mita 12 ikiwa na umbo lile lile la mashua ya mita 6, basi imeongezeka mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kina. Zidisha: uzito wake ni kama mara nane. Tanga lake ni kama mara nne. Mbao za kukarabati, pamba ya kalafati, kamba, rangi, nanga, vyote huongezeka kwa kasi kuliko urefu unaoutazama kwa macho.

Tena kuna foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Katika mashua ndogo, watu wazima wawili huweza kuutweka. Katika jahazi kubwa, ni kazi ya mabaharia wengi wanaovuta kwa pamoja huku wakiimba. Na chombo chetu cha pwani kinapotaka kugeuza upande wa tanga, foromali sharti ipitishwe upande wa pili wa mlingoti. Upepo haungoji. Ikiwa mikono uliyo nayo ni ya baba, mama, na watoto ambao wakubwa wao wako darasa la sita, basi jahazi si chombo chako. Utabaki kuwaajiri mabaharia, na jamaa yako itakuwa abiria ndani ya mali yake yenyewe.

Kipimo cha pili, basi: hesabu mikono, usihesabu vichwa.

Meli mbili za mwaka 1865

Kipimo cha tatu kinapatikana katika historia ya nchi hii hii. Zamani Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya, mpaka mwaka 1925 Waingereza walipoikabidhi Italia, na Mto Juba ndio uliokuwa mto mkubwa wa huko. Mnamo mwaka 1865 Mjerumani mmoja, Karl Klaus von der Decken, alikusudia kuupanda mto huo kwa meli za mvuke. Alikuwa nazo mbili: ndogo iliyoitwa Passepartout, na kubwa iliyoitwa Welf.

Ile ndogo iliangamia mapema, mdomoni mwa mto, mahali ambapo mawimbi ya bahari hugongana na mkondo. Ile kubwa ilipita, ikapanda mto hadi ng'ambo ya mji wa Bardera, na huko ikakwama katika miamba, ikapasuka. Von der Decken hakurudi, aliuawa Bardera. Moja ilishindwa na bahari, nyingine ikashindwa na mto. Kila moja ilikutana na maji ambayo hayakuwa yake.

Miaka 26 baadaye, mnamo 1891, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyeitwa Dundas aliupanda Mto Tana kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, akafika Hameye, juu zaidi ya mahali ulipo mji wa Garissa leo. Yeye alifaulu kupanda kwa kuwa chombo chake kiliyafaa maji ya Tana. Lakini mto huu hubadilika. Mahali palipokuwa na kina jana, leo pana fungu la mchanga. Ndiyo maana hata sasa utakaloliona mtoni siku za kawaida si meli bali mtumbwi, ambao ukikwama wenyewe hushuka wakausukuma.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ukubwa wa chombo, uliza kitaelea wapi. Maji yako yana kina gani yanapokupwa? Utakilaza wapi usiku? Utavuka mdomo wa mto au mkondo wa bahari kuu, au utatembea ndani ya mikono ya bahari iliyokingwa na visiwa? Chombo hupimwa kwa maji yake.

Sasa shuka mpaka Lamu

Umekwisha kupata vipimo vitatu, nawe unaweza kushuka pwani. Usikate moja kwa moja kutoka Garissa kupitia Ijara na msitu wa Boni, maana njia hiyo haina usalama wa kutegemewa. Rudi Madogo, ufuate barabara ya upande wa magharibi wa mto kupitia Hola hadi Garsen, kisha Witu na Mokowe. Huko pia uliza kwanza hali ya usalama, na usisafiri usiku. Mokowe utapanda chombo cha kukuvusha hadi kisiwa cha Lamu, ambacho mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001.

Ufukweni utaviona vyombo vyote vya daraja mbalimbali. Kuna hori na mitumbwi, vya mtu mmoja au wawili. Kuna madau. Kuna mashua, ambazo aghalabu huwa za mita 6 hadi 10, za kuvulia samaki na kubebea watu. Kuna majahazi, ya mita 10 na kuendelea, yaliyozoea kubeba boriti, mawe ya kujengea na shehena nyingine. Kijiji cha Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, kimejulikana kwa miaka mingi kuwa mahali pa mafundi wa vyombo. Nenda huko ukae kivulini uangalie. Mwenyeji akijua kwamba hukuja kununua kwa pupa, atakuonyesha mengi.

Kuukuu si kubovu

Mashua iliyokwisha kutumika si aibu. Mbao zilizokwisha kutulia na chombo ambacho tabia yake inajulikana ni afadhali kuliko kipya ambacho hakijaonja wimbi. Lakini angalia mambo haya.

Kwanza, kiangalie kikiwa nchi kavu, maji yakiwa yamekupwa. Chombo kilicho majini huficha nusu ya habari zake.

Pili, chukua kisu kidogo ukichome polepole katika mkuku, katika mataruma, na pale mbao zinapokutana na mlingoti. Mbao nzima itakikataa kisu. Mbao iliyooza itakikaribisha. Tafuta pia vitundu vya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao zisizotunzwa.

Tatu, tazama misumari. Ukiona michirizi ya kutu imeteremka kama machozi, fahamu kwamba ndani kuna misumari iliyokwisha kuliwa. Angalia kalafati, ile pamba iliyoshindiliwa kati ya mbao. Ikiwa inatoka kwa kucha, kazi iko.

Nne, uliza kilikuwa kikifanya kazi gani. Chombo kilichobeba mawe kwa miaka mingi huenda mgongo wake umelegea, hata kama rangi yake inang'aa.

Tano, kishushwe majini, ukae ndani yake kwa saa nzima. Maji kidogo chini si ajabu kwa chombo cha mbao. La kupima ni mara ngapi mtu analazimika kuyafua.

Na la sita, mwambie mwenye chombo atweke tanga, kisha mtweke ninyi wenyewe. Hapo mtajua kama ukubwa huo ni wenu au ni wa watu wengine.

Jibu la mezani

Basi turudi katika lile swali la nyumbani. Kwa jamaa ya watu wazima wawili na watoto wanne, inayotaka kutembea ndani ya maji yaliyokingwa ya Lamu, wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mashua ya mita 6 au 7 yatosha kabisa. Ukingo wake uko juu, foromali yake inatwekwa na watu wawili, na ikikwama juu ya fungu la mchanga mnaweza kungoja maji yajae bila hofu kubwa. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa Juni na Julai, hata mabaharia wazoefu huiheshimu bahari, na chombo chako na kilale.

Juu ya mita 8 ujue umeingia katika mambo ya kuajiri. Chini ya mita 5 ujue kwamba jamaa yote haitatoka pamoja, na huko si kubaya. Watoto wawili na baba leo, wawili na mama kesho.

Chukueni nahodha mwenyeji kwa msimu wa kwanza, nanyi mkubali kuwa wanafunzi wake. Maana wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mashua ya mita 6 haina nafasi ya manahodha wawili. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi la kuelea tangu anapokanyaga chombo mpaka anaposhuka. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo husimamia ukaguzi na leseni za vyombo. Usiuone ukaguzi huo kuwa usumbufu.

Kisha andikeni kwa rangi, ndani ya chombo, mahali ambapo kila mgeni atapaona, idadi ya watu mliokubaliana. Si idadi ambayo muuzaji alitaja. Ni idadi ambayo mama na baba waliipima siku ya utulivu, wakiikumbuka siku mbaya. Shemeji akija na watoto wake watano, mwonyesheni maandishi hayo, mpeni kiti ufukweni na kinywaji baridi, mwambieni zamu yake ni safari ya pili. Akikasirika, atakasirika akiwa hai.

Garissa haina bahari, msomaji. Lakini wapo watu kule ambao wangelitoa kila walicho nacho ili mtu mmoja pale Kona Punda awe amesema, "Ngojeni inayofuata." Wewe bado una nafasi ya kulisema neno hilo. Safari njema.